Mwanagenzi, Sanamu Ndogo, na Mzigo wa Askari

Wako watu wanaodhani kwamba historia hukaa katika vitabu peke yake, na ya kuwa mtu asiyesoma hati za zamani hana njia nyingine ya kuikaribia. Dhana hiyo ina ukweli, lakini haina ukweli wote. Iko njia nyingine, ndogo na nyenyekevu, ambayo wanachuo wetu huipita bila kuitazama, nayo ni kutengeneza kwa mikono sanamu ndogo ya mtu wa wakati uliopita. Katika insha hii nataka kumfuata mwanagenzi, yaani mtu anayeishika kazi hii kwa mara ya kwanza, tangu anapokata waya hata anapoisimamisha sanamu juu ya kitako chake. Sanamu yenyewe ni ya askari wa King's African Rifles, jeshi lililojulikana kwa kifupi kama KAR, katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 iliyopiganwa katika Afrika ya Mashariki. Nataka kuonyesha kwamba mikono ya mwanagenzi itamwuliza maswali ambayo macho ya msomaji hayaulizi, na kwamba swali kubwa kupita yote litakuwa juu ya mtu ambaye hakukusudia kumtengeneza.

Kwanza tujue kwamba kazi hii ni kongwe. Yapata miaka 2000 kabla ya kuzaliwa Isa, mtawala mmoja wa Misri aliyeitwa Mesehti alizikwa huko Asyut pamoja na vikosi viwili vya askari wadogo wa mti waliopakwa rangi. Kikosi kimoja kilikuwa cha Wamisri 40 wenye mikuki na ngao; cha pili kilikuwa cha Wanubi 40 wenye pinde na mishale. Fundi wao hakuwachonga kwa kipimo kimoja kama matofali, maana vimo vyao havilingani, na mtazamaji huona kundi la watu wala haoni kitu kimoja kilichorudiwa mara 40. Katika karne ya 18 mafundi wa Nuremberg, katika Ujerumani, waliuza askari bapa wa bati. Mwaka 1893 kiwanda cha William Britain katika London kilianza kuuza askari wa risasi walio wazi ndani, ambao walikuwa wepesi na wa bei nafuu. Na kimo chao cha milimita 54 kikawa kipimo kinachofuatwa na mafundi wengi hata leo. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells alitoa kitabu kizima kuhusu mchezo wa vita vya askari hao wadogo. Mwaka uliofuata vita vya kweli vilianza, wala havikuwa mchezo.

Mwanagenzi asidhani kwamba kazi hii ni ya wageni tu na kwamba sisi ni watazamaji. Wamakonde walikwisha kuwachonga maofisa na askari wa serikali za kikoloni kwa ustadi uliochanganya picha na dhihaka. Tena, biashara kubwa ya uchongaji wa Wakamba katika Kenya hunasibishwa na mtu mmoja wa Wamunyu, Mutisya Munge. Mtu huyu alitumika upande wa Waingereza katika vita ile ile tunayoizungumza. Akafika Tanganyika, na inasimuliwa kwamba huko ndiko alikowaona wachongaji wa Kizaramo na kujifunza kwao. Aliporudi nyumbani aliishika kazi hiyo, na kutoka mikononi mwake ikaenea kijijini. Basi yuko mtu aliyekwenda vitani akarudi mwanagenzi wa sanamu, na mwanagenzi wetu wa leo anakwenda kwa njia iliyogeuzwa: anaanza na sanamu ili aifikie vita.

Kwa nini tumchague askari wa KAR? Sababu ya kwanza ni kwamba ni vigumu kumnunua. Anayetaka askari wa Napoleon hupata vichwa, mikono, kofia na bunduki zilizokwisha tengenezwa, naye huziunganisha kwa gundi. Anayetaka askari wa Afrika ya Mashariki aghalabu hana budi kumfinyanga yote, toka wayo hata utosi. Upungufu huo ni bahati njema kwa mwanachuo, kwa sababu kitu kilichonunuliwa hakimwulizi mtu swali, bali kitu anachokifanya mwenyewe humwuliza maswali kila dakika. Sababu ya pili ni kwamba jeshi hilo ni sehemu ya historia ya nchi zetu kadhaa. Liliundwa tarehe 1 Januari 1902 kwa kuviunganisha vikosi vya Nyasaland, Uganda na Afrika ya Mashariki ya Waingereza. Vita vilipoanza mwaka 1914 lilikuwa na batalioni 3. Vilipokwisha lilikuwa na batalioni 22. Ndani yake walikuwamo Wayao, Wanandi, Wakamba, Wasudani na wengine wengi. Na katika miaka ya mwisho waliandikishwa hata askari waliokuwa zamani wa Wajerumani, ambao waliivua sare moja wakaivaa ya pili.

Sasa tuitazame kazi. Jambo la kwanza ni kipimo. Mtu mwenye kimo cha sentimita 173, akipunguzwa mara 32, huwa milimita 54. Kwa kipimo hicho kichwa chake ni milimita 7 tu, nyonga ziko katikati ya kimo, na kiganja pamoja na vidole ni karibu milimita 6. Mwanagenzi huandika hesabu hii kwenye karatasi, huchora umbo la mtu kwa ukubwa ule ule wa sanamu, kisha huukunja waya mwembamba juu ya mchoro ili upate kuwa kiunzi: waya mmoja kutoka kichwani kupita mgongoni hata mguu mmoja, na mwingine kwa mguu wa pili na mikono. Kiunzi hicho ni mifupa ya sanamu. Kikiwa kirefu kuliko haki, hakuna udongo utakaoweza kukisahihisha, kwa sababu nyama hufuata mfupa.

Udongo unaotumika leo ni ule wa sehemu mbili, za rangi mbili, ambazo zikikandwa pamoja huanza kuganda na baada ya saa chache huwa ngumu kama mfupa. Vyombo havina gharama: sindano, mwiba, kijiti kilichochongwa ncha, kisu kidogo, na bakuli la maji ya kulowesha chombo ili udongo usinate. Mwalimu wa kazi hii ni subira. Mwanagenzi hupenda kumaliza mtu mzima kwa siku moja. Akishika mguu ili atengeneze mkono, mguu unabonyea. Akiurekebisha mguu, uso unafutika. Kanuni ni kufanya sehemu moja, kuiacha igande, kisha kuishika nyingine. Kanuni ya pili ni kuufinyanga kwanza mwili mtupu na mwembamba, ndipo uvikwe nguo. Asiyefuata kanuni hii huweka nguo mahali pa mwili, na sanamu yake huwa gunia lenye kichwa. Kwa kawaida sanamu ya kwanza huwa na kichwa kikubwa mno, mikono kama ya mtoto aliyevaa soksi viganjani, na shingo isiyokuwako. Haya si maajabu. Macho ya binadamu huutazama uso wa mwenzake kuliko kitu kingine, na mikono hukikuza kile ambacho macho hukiheshimu.

Mwili ukisha kukauka, yaja mavazi, na hapa ndipo historia inapoingia kwa nguvu. Msomaji wa kitabu huona neno "askari" akaridhika. Mwanagenzi haridhiki, kwa kuwa lazima ajue mguu wake unaishia na nini. Picha za wakati ule huonyesha askari wa KAR katika kaptura, na utepe mrefu wa nguo umezungushwa toka kifundo cha mguu hata chini ya goti. Lakini chini ya utepe huo wengi wao hawana viatu. Walikwenda miguu mitupu au kwa makubazi. Askari wa Wajerumani waliopigana nao walikuwa na utepe kama huo, lakini mara nyingi walivaa viatu vya ngozi, hasa mwanzoni mwa vita. Kichwani askari wa pande zote mbili walivaa kofia iliyofunikwa kwa kitambaa cha kaki, na mara nyingi kitambaa kingine kiliteremka nyuma kuikinga shingo na jua. Ila kofia ya askari wa Mjerumani ilikuwa ndefu kama tarbushi na ilikuwa na nembo ya tai mbele. Mwanagenzi asipokuwa mwangalifu atamtengeneza mtu ambaye hakupata kuishi, mwenye kichwa cha jeshi hili na miguu ya jeshi lile.

Miguu hiyo mitupu ina la kusema. Vidole kumi vya miguu katika kipimo hiki ni kazi ngumu, na mwanagenzi akivichonga kimoja kimoja kwa ncha ya sindano hupata wasaa wa kufikiri. Hujiuliza: miguu hii ilikwenda mbali gani? Mapigano ya Tanga yalikuwa Novemba 1914. Mapigano ya Mahiwa, kusini ya Tanganyika, yalikuwa Oktoba 1917, na yalikuwa miongoni mwa yale yaliyomwaga damu nyingi kupita yote katika vita hivyo. Mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliuvuka mto Ruvuma akaingia Msumbiji, na batalioni za KAR zikamfuata. Mwaka mzima walikimbizana kwenda na kurudi, mpaka alipoziweka silaha chini huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala katika Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Msomaji huipita safari hiyo kwa aya moja. Mchonga vidole haipiti upesi namna hiyo.

Baada ya mavazi huja silaha na vyombo. Bunduki fupi ya Lee-Enfield ilikuwa na urefu wa sentimita 113, basi katika sanamu ni milimita 35, na singe yake huongeza milimita 13. Kiunoni upo mkanda wenye mikoba ya risasi; ubavuni chupa ya maji; begani au mgongoni labda blanketi lililokunjwa. Mwanagenzi huviweka vyote, kisha huizungusha sanamu mbele ya taa aitazame nyuma. Hapo, kama ni mtu wa kufikiri, hushtuka. Mgongo wa askari huyu ni mwepesi. Amesafiri mamia ya maili katika nchi isiyo na njia ya gari wala reli, nchi ambayo mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe wa mizigo kwa maelfu. Naye hana mgongoni chakula cha wiki moja, wala hema, wala dawa, wala sanduku la risasi za akiba, wala vipande vya bunduki ya mtombo. Mzigo uko wapi?

Swali hili ndilo zawadi ya sanamu. Kitabu kinaweza kumtaja askari katika kurasa mia bila kumwonyesha nani alikuwa nyuma yake, kwa sababu maneno hayana mgongo. Sanamu ina mgongo, nao ukiwa mtupu utaonekana. Mzigo ulikuwa juu ya kichwa cha mpagazi.

Tufanye hesabu kidogo. Mzigo wa mpagazi wa jeshi la Waingereza ulikuwa ratili 50 hivi, nazo ni karibu kilo 23. Tuseme mpagazi huyo hula kilo moja ya unga kwa siku. Akitumwa mwendo wa siku 10 kwenda na siku 10 kurudi, na njiani hakuna pa kununua chakula, atakula kilo 20 katika hizo 23, na askari aliye mbele atapata kilo 3 tu. Kadiri jeshi lilivyokwenda mbali, ndivyo wapagazi walivyohitajika kuwalisha wapagazi wengine. Ndiyo sababu askari wa KAR walihesabiwa kwa maelfu, lakini wapagazi walioandikishwa na Waingereza kutoka nchi zote zilizoingia katika vita hivi walikaribia milioni moja. Wengi hawakuandikishwa kwa hiari. Waliokufa, hesabu ya serikali iliwataja kuwa zaidi ya 40,000. Wanahistoria waliochunguza baadaye wameona kwamba idadi ya kweli ilikaribia 100,000. Walio wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, chakula kibaya na baridi ya usiku. Upande wa Wajerumani nako walikuwako wapagazi maelfu kwa maelfu, na nyuma ya safu ya askari walifuata hata wake zao na watoto.

Sasa na tuwatazame wachongaji wakubwa wa serikali, tuone walifanyaje na swali hilo. Kabla ya vita Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Wissmann, gavana wao. Chini yake alikuwapo askari Mwafrika akimtazama bwana wake aliye juu. Na baada ya vita sanamu hiyo ilihamishiwa Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha mwaka 1968. Mwaka 1927 Waingereza nao walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya shaba nyeusi iliyotengenezwa na James Alexander Stevenson, ambayo ipo mpaka leo na kila mkazi wa jiji huijua kwa jina la Askari. Huyu hamtazami bwana yeyote. Yuko peke yake, ameinama mbele na singe yake imeelekea bandarini. Ni sanamu nzuri, na mwanagenzi angefanya vyema kuizunguka mara nyingi na kuyachunguza mapaja yanavyoubeba uzito. Lakini naye mgongo wake ni mwepesi. Katika Nairobi, kwenye barabara ambayo sasa ni Kenyatta Avenue, hazikuwekwa sanamu moja bali tatu, na mojawapo ni ya mpagazi. Huko angalau mzigo ulipata mwenyewe.

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Mpagazi hakuwapo katika orodha za majina. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile, wengi wao kutoka Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au pengine hawakukumbukwa kabisa, na kwamba idadi hiyo yaweza kufika 350,000. Kumbukumbu iliyobaki zaidi katika vinywa vya watu ni jina la mahali. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kutoka kikosi cha wapagazi hao, na Nairobi nako kuna mtaa wenye jina la asili hiyo hiyo. Maelfu ya watu hununua nyanya na vitambaa huko kila siku, na ni wachache wanaojua kwamba wanalitamka jina la kikosi kilichozikwa porini.

Huenda msomaji akapinga. Atasema: kumtengeneza askari mdogo ni kuisifu vita, na zaidi ya hayo ni kulisifu jeshi la mkoloni, ambalo liliwatiisha watu wetu kabla ya kupigana na Wajerumani. Pingamizi hilo si la kupuuzwa. Askari yule yule aliyekwenda miguu mitupu alikuwa ametumwa pia kuchoma vijiji na kuwalazimisha watu walipe kodi. Na pengine mpagazi aliyeubeba mzigo wake alikamatwa na askari kama yeye. Lakini sanamu haisifu wala hailaumu mpaka mtengenezaji aichagulie hali. Wajerumani walimweka askari chini ya bwana, Waingereza wakamweka peke yake, na kila mmoja alisema jambo kwa namna ya kusimama kwake. Mwanagenzi naye atasema jambo, apende asipende. Akimfanya askari anayeshambulia kwa ushujaa, amesema moja; akimfanya askari aliyeketi akiutazama wayo wake uliopasuka, amesema jingine; akimfanya askari na mpagazi kando yake, amesema la tatu, nalo kwa maoni yangu ndilo lililo karibu zaidi na yaliyotokea.

Basi nampa mwanagenzi mashauri matatu. La kwanza, asifanye sanamu moja, afanye mbili katika kitako kimoja. Ya pili itakuwa rahisi kwa mavazi na ngumu kwa mwili, maana mpagazi alivaa kidogo, na shingo, mabega na magoti yaliyo chini ya mzigo wa kilo 23 hayasimami kama ya mtu mtupu: shingo hunyooka, mkono mmoja huinuka kulishika sanduku, hatua hufupika. Kwa hayo hahitaji kitabu. Na aende sokoni awatazame wachukuzi. La pili, asinunue uso wala asiukope kutoka picha za dhihaka za wakati ule, ambamo nyuso za Waafrika zilifanywa zote kuwa moja. Na amtazame mtu halisi, apime umbali wa jicho na jicho, kama yule fundi wa Asyut ambaye hakukubali watu 40 wawe mtu mmoja.

La tatu ni juu ya maandishi ya kitako. Mafundi wa sanamu hizi hupenda kuandika jina la jeshi, cheo na mwaka. Mwanagenzi akitaka kuandika jina la mtu, kwa askari huenda akalipata katika daftari za jeshi au katika kumbukumbu za ukoo fulani. Kwa mpagazi atatafuta sana, na mara nyingi atakosa. Asibuni jina. Na aandike "Mpagazi" na mwaka, kisha nafasi ya jina aiache wazi, ili kila atakayeishika sanamu hiyo mkononi aone kwamba hapo palipaswa pawe na kitu. Na kama yeye ni mwanafunzi katika nchi hizi, na babu wa babu yake alichukuliwa mwaka 1917 asirudi, basi ana kazi ya pili iliyo kubwa kuliko kufinyanga udongo: kuwauliza wazee wa nyumbani kwao, maadamu wangalipo, na kuliandika jina hilo kabla halijapotea.